Mrejesho: Meseji za sauti za ofisi zimerudi

Wakuu, niliuliza kwa nini baada ya kuhamishia Asterisk (programu inayoendesha simu za ofisi) kwenye seva mpya simu zinaita vizuri, lakini kila kisanduku cha sauti kinadai hakuna meseji, ilhali mafaili ya .wav yapo. Aliyeniambia nitazame mafaili ya .txt, ubarikiwe.

Ilikuwa hiyo hiyo. Ndani ya /var/spool/asterisk/voicemail, kila msg0000.wav ina pacha wake msg0000.txt, lenye namba ya mpigaji, saa na urefu wa meseji. Asterisk inahesabu hayo ya .txt, si sauti. Fundi aliyepita alipanga bakapu ibebe sauti peke yake, eti kuokoa nafasi! Ndiyo maana salamu ambazo watu walizirekodi zilirudi tangu mwanzo: unavail.wav, faili la salamu, haihitaji pacha.

Diski ya zamani bado nzima, nikanakili folda yote kwa flashi. Meseji zikasikika, ila ukizifuta hazifutiki. Flashi yenye mfumo wa FAT32 haibebi umiliki wa mafaili, kwa hiyo yote yalitua yakiwa ya root, yaani msimamizi mkuu wa seva. Kwetu programu inaendeshwa na mtumiaji asterisk, basi amri ya kubadili umiliki, chown -R asterisk:asterisk, ikamaliza kazi.

Bakapu sasa ni rsync -a kila usiku (amri inayonakili mafaili pamoja na umiliki wake), na /etc/asterisk, folda ya mipangilio, imo. Msiiache hiyo: mtu akibadilisha namba ya siri kupitia simu, kwa kawaida inaandikwa humo humo kwenye voicemail.conf. Ukirudisha nakala ya mwezi jana, nusu ya ofisi watakupigia kelele.