Tupeane uzoefu: wazee wenu wa Dodoma waliwasimulia nini kuhusu kumng'oa Idi Amin?

Wakuu, habari za jioni. Naandika kutoka Mpwapwa. Baba yangu mkubwa alikwenda vita vya Kagera akiwa mgambo. Habari za mapigano tunazijua sote, kwa hiyo naomba tuelezane yaliyotangulia na yaliyofuata.

Amin alipopindua serikali Januari 25, 1971, Mwalimu alikataa kumtambua, akampa hifadhi Obote, rais wa Uganda aliyepinduliwa. Msimamo huo ulikuwa na gharama. Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakukaa tena meza moja, na Jumuiya ikafa mwaka 1977. Mwaka 1975 OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) ilipokutana Kampala, sisi hatukwenda. Serikali yetu ilisema Afrika haiwezi kuwalaani makaburu huku ikinyamazia mauaji kwa sababu tu muuaji ni Mwafrika. Kwangu mimi huo ndio uamuzi wa heshima kuliko wowote tuliowahi kuufanya nje ya mipaka yetu. Nyumbani kwenu wazee waliuonaje?

Mdau wa Kondoa: Shikamooni wakubwa. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Kijijini redio ilikuwa kwa mwenyekiti, tukijazana uani kusikiliza RTD. Marehemu baba alitoa ng'ombe dume kwa ajili ya askari, na hakuna aliyemlazimisha. Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979, watu walicheza ngoma hadi usiku. Baada ya hapo ndipo dhiki ikaingia. Mwalimu aliomba tufunge mikanda kwa miezi 18, lakini sabuni na sukari vilikuja kuonekana tena miaka mingi baadaye. Tulikula unga wa yanga, yaani wa mahindi ya njano. Mama alilalamikia foleni, lakini sijawahi kumsikia akisema tusingekwenda.

Mdau wa Kongwa: Huku kwetu tulishazoea. Kambi ya wapigania uhuru ilianza mwaka 1964: Frelimo, ANC, SWAPO na wengineo. Bibi aliwauzia maziwa. Kwake siasa ya nje ilikuwa na sura za vijana wa watu.

Mdau wa UDOM: Naomba nitofautiane kidogo na mleta mada. Chuoni nilikaa chumba kimoja na Mganda wa Luwero. Nilipojisifia vita, aliniambia kwao watu wengi walikufa baada ya Amin kukimbia. Nikaenda kusoma. Mkutano wa Moshi, Machi 1979, uliunda UNLF, umoja wa Waganda waliompinga Amin, na kumpa Lule uongozi. Akaondolewa baada ya siku 68. Binaisa aliyemfuata naye hakumaliza mwaka, kwani Mei 1980 Tume ya Kijeshi ya Paulo Muwanga ilimweka kando. Uchaguzi wa Desemba 1980 ukafanyika chini ya watu hao hao, na Muwanga akajitwalia mamlaka ya kutangaza matokeo. UPC, chama cha Obote, ikatangazwa mshindi, wapinzani wakakataa, na Februari 1981 Museveni akaingia msituni. Askari wetu walikuwa bado wako Uganda. Kumng'oa dikteta tuliweza, lakini kura tuliacha zikahesabiwa chini ya wenye bunduki. Hilo linaniuma, maana sisi ndio tuliokuwa na sauti kubwa pale.

Mleta mada: Mkuu wa UDOM, sipingi. Baba mkubwa alibaki Uganda hadi baada ya uchaguzi. Alisema siku ya kupiga kura watu walijipanga tangu alfajiri, vikongwe kwa vijana, na wengi walikuwa hawajapiga kura maisha yao yote. Nilipomuuliza kuhusu matokeo, alijibu kwamba yeye alitumwa kulinda amani, kisha akabadilisha mazungumzo. Sijui aliona nini. Kama una mzee aliyekuwa Uganda mwaka 1980, muulize swali hilo hilo, uje utuandikie alichojibu. Na wenye ndugu waliozikwa Kaboya, makaburi ya mashujaa wa vita hivyo huko Kagera, karibuni pia.