Uraibu wa dawa za kulevya: ni ugonjwa wa akili au ni uamuzi wa mtu?

DadaMkubwa:

Wanajukwaa, salaam. Naomba mchango wenu katika jambo ambalo limeigawa familia yetu. Mdogo wangu wa kiume anatumia heroini, na mara ya mwisho alipofikishwa hospitalini daktari aliandika kwamba ana tatizo la afya ya akili linalotokana na matumizi ya dawa za kulevya. Mama aliposikia hivyo alipata ahueni, kana kwamba mwanawe amesafishwa jina. Baba alikasirika, akasema kwamba hakuna aliyemshika mkono siku ya kwanza, na kwamba kumwita mgonjwa ni kumpa ruhusa ya kuendelea. Mimi nimekwama katikati. Kama ni ugonjwa, aliwezaje kukaa miezi kadhaa bila kugusa unga alipotishiwa kufukuzwa kazini? Na kama ni uamuzi wake, mbona alirudia baadaye huku akilia, akijua fika anachokipoteza? Kuna pia fedha za nyumbani alizoiba: baba anataka azilipe, ilhali mama anasema mgonjwa hadaiwi. Sitafuti faraja, nataka kuelewa, maana jibu ndilo litakaloamua namna tutakavyoishi naye.

MuuguziZamuYaUsiku:

Pole sana, dada. Kwa upande wa uainishaji wa kitabibu hakuna ubishi mkubwa. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa lililoanza kutumika mwaka 2022, limeuweka uraibu ndani ya sura ya matatizo ya akili na tabia. Mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani wa mwaka 2013 nao unatoa vigezo 11, ambapo mtu mwenye viwili au vitatu ndani ya miezi 12 huhesabiwa kuwa na tatizo dogo, na mwenye sita au zaidi huhesabiwa kuwa na tatizo kubwa. Vigezo hivyo vinauliza kama mtu hutumia kuliko alivyokusudia, kama amejaribu kuacha akashindwa, kama kiu ya dawa humtawala, kama anaendelea huku madhara akiyaona kwa macho yake. Hakuna hata kimoja kinachouliza nani alimshawishi siku ya kwanza.

Mzee wako yuko sahihi kwamba siku ya kwanza mara nyingi huwa ya hiari. Lakini utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1994 ulikadiria kwamba, kati ya watu waliowahi kujaribu heroini, walioishia kuwa waraibu walikuwa takriban asilimia 23. Maana yake ni kwamba wengi walifanya kosa lilelile la siku ya kwanza na hawakunaswa. Tofauti hiyo haielezwi na uovu wa tabia peke yake: urithi wa vinasaba hukadiriwa kuchangia kati ya asilimia 40 na 60, na umri wa kuanza, majeraha ya utotoni na sonona huongeza uzito.

Kuhusu kurudia baada ya miezi kadhaa, naomba tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili unapoikosa dawa, huanza saa chache baada ya kete ya mwisho: miayo isiyokoma, machozi na kamasi, vinyweleo kusimama, viungo kuuma, kuhara. Hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, na kwa kawaida huwa imetulia ndani ya wiki moja hivi. Hiyo ni hali ya mwili. Mgonjwa aliyetulizwa maumivu kwa mofini wiki nyingi anaweza kuipitia yote, kisha akaenda zake asiitafute dawa tena maishani. Uraibu hubaki baada ya arosto kwisha. Dawa imeshaufundisha ubongo, kupitia dopamini (kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na raha), kwamba hiki ndicho cha kutafutwa kuliko vyote, na somo hilo huamshwa na vitu vidogo kama uchochoro fulani, mlio wa simu ya mtu fulani au karatasi ya foili iliyokunjwa. Wakati huohuo sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo kazi yake ni kuzuia, huwa imedhoofika. Ndiyo maana ndugu yako aliweza kulia na kutumia kwa wakati mmoja.

MchambuziHuru:

Namheshimu muuguzi, lakini nadhani ameliruka swali gumu la dada: ile miezi ambayo tishio la kazi lilifanya kile ambacho hospitali haikukifanya. Hilo halikuwa jambo la bahati. Marekani ilipopata habari mwaka 1971 kwamba askari wake wengi walioko Vietnam walikuwa wakitumia heroini, ilianza kuwapima mkojo kabla ya kuwaruhusu kupanda ndege ya kurudi. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia baada ya kurejea. Takriban mmoja kati ya watano alikuwa amekuwa mraibu kule, lakini katika mwaka wa kwanza nyumbani waliorudi kwenye uraibu walikuwa takriban asilimia 5 tu ya hao, na wengi wao hawakupata matibabu yoyote. Tazama pia madaktari wa Marekani wanaobainika kuwa waraibu. Wao hufuatiliwa kwa miaka mitano kwa vipimo vya kushtukiza huku leseni ikiwa rehani, na utafiti wa mwaka 2008 juu ya zaidi ya madaktari 900 ulionyesha kwamba takriban robo tatu hawakukutwa na dawa hata mara moja. Na katika miaka ya 1990 Stephen Higgins alionyesha kwamba watumiaji wa kokeini wanaopewa vocha za kununulia bidhaa kila mkojo wao unapokuwa safi hufanikiwa kuliko wanaopewa ushauri pekee. Saratani haiondoki kwa vocha.

Hata hivyo sikubaliani na baba. Anadhani kwamba kama ni uamuzi, basi dawa yake ni karipio na aibu, wakati ushahidi huu unasema vingine kabisa. Kinachobadilisha uamuzi wa mraibu ni matokeo ya karibu, ya hakika na yanayojirudia, pamoja na kitu cha thamani cha kupoteza. Aibu humnyang'anya hicho cha kupoteza. Kijana aliyeambiwa kila siku kwamba ameshaharibikiwa ana sababu gani ya kuchagua tofauti kesho?

MuuguziZamuYaUsiku:

Hoja ya Vietnam naikubali, ila ina upande wa pili. Askari wale walivuka bahari na kuacha nyuma kila kilichowakumbusha dawa. Kijana wetu alirudi kwenye uchochoro uleule. Vilevile daktari ana leseni, kipato na kazi inayomsubiri. Ukizungumzia heroini usiisahau methadoni, dawa ya kunywa inayompa mraibu utulivu badala ya heroini, inayotolewa kwa ajili hiyo tangu miaka ya 1960 na iliyoingizwa mwaka 2005 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mgonjwa hufika dirishani, hunywa kikombe chake mbele yangu, hunisemesha kidogo ili nijue amemeza, kisha huondoka kwenda kazini. Karipio halijawahi kumfikisha mtu hapo.

TejaMstaafu:

Nimesoma nyote wawili, na nyote mnazungumza kana kwamba mtu huwa katika hali moja saa zote. Mimi nilikula unga kwa miaka mingi. Asubuhi nikiwa na arosto, mtu angeniambia nichague, ningemcheka. Jioni nikiwa nimetulia nilikuwa na nafasi ndogo ya kuamua: nipite njia gani, nimpigie nani, niombe kupelekwa nyumba ya upataji nafuu au nisiombe. Siku nyingi niliitumia vibaya nafasi hiyo, na hilo simsingizii yeyote. Nilipoitwa mhalifu nilijificha. Nilipoitwa mgonjwa nilitumia cheti kuombea fedha. (Teja ana akili nyingi kuliko mnavyodhani.) Kilichonisaidia ni kaka yangu, aliyenipeleka kliniki kila asubuhi bila hotuba, na jioni hakuwahi kunipa fedha mkononi.

DadaMkubwa:

Nawashukuru sana. Naomba mnijibu basi kuhusu deni. Baba amesema pia kwamba mdogo wangu akirudi kutoka nyumba ya upataji nafuu, atamfungia ndani mwezi mzima hadi ahakikishe amepona.

MchambuziHuru:

Kuhusu deni, Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1962 iliamua kwamba mtu hawezi kuadhibiwa kwa sababu tu ni mraibu, lakini uamuzi huo haukufuta makosa anayoyatenda. Familia inaweza kushika njia hiyohiyo. Msimshitaki kwa uraibu wake, lakini fedha azilipe kidogo kidogo, kwa kiwango anachokimudu, atakapokuwa na kipato.

TejaMstaafu:

Nakubali, ila msianze kumdai mwezi wa kwanza. Deni kubwa kichwani lilikuwa kisingizio changu nambari moja cha kurudia.

MuuguziZamuYaUsiku:

Kuhusu kumfungia, mwambie mzee kwa heshima zote kwamba hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Mtu akikaa bila heroini kwa wiki chache, mwili hupoteza ule uzoefu wa kuihimili, lakini hamu haijaondoka. Akirudia siku ya kutoka kwa kipimo chake cha zamani, pumzi inaweza kusimama. Ulizeni mapema kuhusu methadoni kabla hajatoka huko aliko, ulizeni kama naloksoni, dawa ya dharura ya kumrudishia pumzi aliyezidisha heroini, inapatikana mlipo ili muwe nayo nyumbani na mfundishwe kuitumia, na mkimkuta amelala hashtuki, midomo imebadilika rangi na anapumua kwa taabu, itisheni msaada wa dharura palepale, hata kama ameapa kwamba hajagusa kitu.