Tui kukatika, na vijana waliozoea la kopo

Kutoka Leicester:
Assalaam alaykum, na habari zenu wote. Vijana wetu wakipika mchuzi wa nazi tui linakatika: mafuta yanaelea, maji yanabaki chini, katikati vipunje vyeupe. Nazi nzima ndiyo hawajui hata pa kuanzia. Wenye ujuzi tuandikieni hatua, tuwatumie.

Kutoka Oslo:
Waalaykum salaam, dada. Waanzie dukani. Nazi iwe nzito, na ukiitikisa sikioni maji yasikike. Macho yake matatu yawe makavu. Ukiona unyevu au ukungu, iache. Ipasue kwa mgongo wa kisu kizito, ukigonga katikati huku ukiizungusha, kisha uionje kabla ya kitu kingine chochote. Ikiwa na ladha ya sabuni, tupa. Nazi moja iliyovunda huharibu sufuria nzima.

Asiye na mbuzi ya kukunia nazi atie vipande pamoja na vifuu vyake ovenini, nyuzi 180, dakika 15, nyama itaachia. Akate vidogo, asage kwa blenda na kikombe 1 cha maji ya moto. Baridi ya huku ndiyo inayotuponza: mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, basi ukitumia maji baridi ya bomba mafuta hayo yanabaki kwenye chicha, yale makapi ya nazi, na tui linatoka jepesi kama maji. Maji yawe ya moto ambao mkono unauvumilia. Kisha akamue kwa kifumbu, kile kichujio cha kusukwa; kikikosekana, kitambaa safi cha pamba kinatosha. Hilo la kwanza ndilo tui zito, liweke kando. Chicha irudishe, ongeza vikombe 2 vya maji ya moto, kamua tena upate tui jepesi.

Mchuzi unapikwa kwa tui jepesi. Zito linaingia mwisho, moto mdogo, bila kifuniko, na unakoroga mfululizo, ukiteka kwa upawa na kumimina, mpaka lichemke kidogo. Ukilipa kisogo dakika mbili kwenye moto mkali, limekatika. Ndimu ikamuliwe ukishaepua: protini za tui zikikutana na uchachu na moto kwa pamoja hushikana, ndivyo hivyo vipunje.

Kutoka Minneapolis:
Naongezea kuhusu kopo. Mengi yametiwa gundi ya kuzuia tui lisitengane, kwa hiyo linavumilia uzembe jikoni. Kijana aliyejifunzia hilo hakuzoea kukoroga, akipata tui la kukamua linamshinda. Watafute kopo lililoandikwa nazi na maji tu, walitikise vizuri kabla ya kufungua. Nazi iliyokunwa ya kugandishwa, inayouzwa maduka ya Kihindi, ni nzuri sana. Iyayuke kabisa kabla ya kutia maji ya moto.

Kutoka Oslo:
Ahsante, ndugu. Nilisahau wali, na hapo kuna kupalia, yaani kuuivisha wali kwa moto wa juu na chini, ambako kunapotea kabisa. Mchele vikombe 2, uroweke nusu saa, uchuje. Chemsha vikombe 2 vya tui jepesi na chumvi, tia mchele. Tui likikaribia kukauka mimina kikombe 1 cha zito, geuza mara moja tu. Huku hatuna makaa ya kuweka juu ya kifuniko, basi funika kwa karatasi ya foili na kifuniko juu yake, uingize ovenini nyuzi 150 kwa dakika 20. Sufuria isiwe na mpini wa plastiki. Juu ukibaki na kiini, nyunyiza vijiko viwili vya maji ya moto na urudishe dakika 5. Ukiugeuzageuza unakuwa bokoboko.