Wakuu naomba ushauri: hadithi ya watoto kuhusu Mtunya, niitoe au niiache?

Mwandishi_Uchwara: Habari za jioni wakuu. Niko Dodoma, kazi yangu haihusiani kabisa na vitabu, ila nimeandika hadithi ya watoto, kurasa arobaini na kitu. Inahusu Mtunya, njaa iliyoipiga Ugogo kati ya 1917 na 1920. Mtoto wa miaka minane anaachwa na baba yake kwenye kaya ya watu ili apate kula. Mzee mmoja alinisimulia mwenyewe chini ya mbuyu, kabla hajafariki mwaka ule wa El Nino. Swali: njaa inawafaa watoto wa darasa la nne? Watu wanakufa, siwezi kulikwepa hilo. Wiki nzima silali.

Nimekaa_Pale: Nasubiri wajuzi, nimekaa pale.

Mwalimu_wa_Zamu: Watoto wanasoma sungura anamchoma fisi moto na wanacheka. Vifo si tatizo. Tatizo ni nyie waandishi kumaliza kila sura na "Je, umejifunza nini?" Andika walikula nini: mlenda mtupu, ubuyu, mizizi ya porini. Mtoto atataka kujua mizizi inapikwaje, na hapo umeshamkamata.

Mzee_wa_Yanga: Mimi ninayoijua ni njaa ya 1974. Tumehamishiwa kijiji kipya, shamba jipya, mvua hakuna. Ikaja yanga, mahindi ya njano ya msaada. Mama akisonga ule ugali babu anageukia ukutani, anasema hicho ni chakula cha kuku wa Wazungu. Siku ya tatu akageuka, akanawa, akala, na hakuna aliyethubutu kumtazama.

Kibaigwa_Junction: Wengi humu wanadhani Mtunya ni mvua tu. Mvua ziligoma kweli, lakini vita ilishakomba ghala. Mjerumani alichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mwingereza alipoingia Dodoma Julai 1916 naye akachukua vilevile. Mwisho wa 1918 mafua yakawakuta waliobaki. Wanahistoria wanakadiria watu 30,000 walikufa kati ya 150,000. Na kuweka mtoto rehani kwa nafaka kulikuwepo, si jambo geni. Sasa mleta mada, kinachokunyima usingizi ni nini hasa?

Mwandishi_Uchwara: Naogopa tu mapokeo mkuu.

Kibaigwa_Junction: Mapokeo ya nani?

Mwandishi_Uchwara: Basi, acha niseme. Yule mtoto ni baba yake babu yangu. Aliachwa kwa debe mbili za uwele, baba yake akaahidi kumfuata wakati wa mavuno. Wenye kaya wakamlea, wakampa jina lao, na ndilo jina letu sote mpaka leo. Waliokuwa wanajua ni watatu, wawili wameshazikwa. Mwezi uliopita nilimpa binti wa dada yangu sura ya kwanza, nipime kama itamchosha. Jumapili akaenda kwa baba mkubwa, kuna kikao cha shamba, akauliza mbele ya wote: "Babu, eti sisi tulibadilishwa na uwele?" Shamba lenyewe ndilo linapimwa viwanja. Na wenye jina la damu walikuwa wamekaa hapohapo.

Nimekaa_Pale: Nimesimama.

Mama_Pacha: Mavi ya kale hayanuki, mwanangu, wewe umeyachokoa kwa kijiti halafu unatuuliza harufu inatoka wapi. Kamuombe radhi mzee. Nenda na kitu mkononi, usiende na karatasi.

Dogo_Chamwino: Debe mbili nzima? Mimi wangenirudisha siku hiyohiyo na debe la tatu juu wamtulize mzee.

Kibaigwa_Junction: Umeshapeleka kiwandani?

Mwandishi_Uchwara: Kopi 300. Nimelipa nusu. Ila jina la ukoo nimebadilisha herufi mbili. Na kwenye kitabu baba anarudi wakati wa mavuno kumchukua mwanawe. Ukweli hakurudi, lakini ni kitabu cha watoto jamani, sikuweza kumwacha mtoto amesimama mlangoni.

Mwalimu_wa_Zamu: Herufi mbili! Ndugu, hapo umeficha tembo nyuma ya ufagio. Na huyo baba usimrudishe. Akirudi, nyie mmetoka wapi?

Mama_Pacha: Mwacheni arudi. Watoto walale.

Kikokotoo: Samahani, naharibu msiba. Miaka minane mwaka 1918, kazaliwa 1910. Amefariki mwaka wa El Nino, tuseme 1998. Mleta mada, kwenye uzi wa ajira ulisema umezaliwa 1996. Ulisimuliwa Mtunya chini ya mbuyu ukiwa na miaka miwili? Hii ni chai, na mbaya zaidi ni tangazo la kitabu.

Dogo_Chamwino: Weka bei tujue moja.

Nimekaa_Pale: Nimerudi kukaa.

Mwandishi_Uchwara: Alimsimulia baba. Kwenye kitabu anayesimuliwa ni "mimi", na nimekiandika upya mara nyingi hadi nimezoea kusema ni mimi. Kosa langu hilo. Mengine ni kweli.

Kikokotoo: Kama mbuyu ni wa kutunga, debe nazo tuzipime upya.

Mzee_wa_Yanga: Yule babu niliyesema aligeukia ukutani. Sikuwepo, nilikuwa shule ya bweni. Mama ndiye alituhadithia. Niitieni na mimi tangazo.

Mwandishi_Uchwara: Baba mkubwa amenipigia sasa hivi. Sikutegemea. Kitabu hakukitaja kabisa, shamba hakulitaja. Ameuliza kama mzee aliwahi kutaja jina la kijiji alikotoka. Nimemwambia kwenye kitabu nimeweka upande wa Manyoni. Akasema, "Sijauliza kitabu."

Kikokotoo: Chai ya pili hiyo, ina tangawizi.

Kibaigwa_Junction: Mleta mada njoo PM. Na kiwandani waambie wasianze kuchapa.