Mjadala: Korir aliingia bungeni bila chama. Mkimbiaji wa Arusha apite wapi?

Ndugu zangu wa Arusha na Moshi, karibuni tulijadili hili kwa hoja.

Tangu Alphonce Simbu ashinde marathoni ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, kila kijiwe cha kahawa ninachokaa kuanzia Kisongo hadi mjini hakikosi wa kusema, "Watu kama hawa ndio wa kupewa ubunge." Nawaelewa. Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, 2:09:48, ikabidi picha ya mstari wa mwisho iamue nani kamtangulia mwenzake. Mtu aliyebaki na pumzi ya hatua ile moja baada ya kilomita 42, wananchi wanaona huyu hatatukimbia njiani. Lakini mimi simsemei Simbu. Siasa ni uamuzi wake mwenyewe, wala sitafuti jimbo la kumpa. Swali langu ni hili: mkimbiaji wa huku akitaka kuwatumikia watu wake, kwa nini lazima kwanza apitishwe na chama?

Nauliza kwa sababu jirani zetu walishalijibu. Wesley Korir ni mtoto wa Cherangany, Trans Nzoia. Miguu ilimpeleka Marekani kusoma Chuo Kikuu cha Louisville. Mwaka 2008 aliingia Chicago Marathon akiwa hayumo kwenye orodha ya mabingwa walioalikwa. Wale walitangulia, yeye akaachiwa na watu wa kawaida dakika tano baadaye, akakimbia peke yake bila kuona migongo ya anaoshindana nao. Muda ulipohesabiwa, alikuwa wa nne. Hakuna kikao kilichokaa kumjadili kama anastahili nafasi ile. Aprili 2012 akashinda Boston, siku ya joto kali lililowaangusha wengi, kwa 2:12:40.

Mwaka uliofuata, tarehe 4 Machi 2013, akagombea ubunge nyumbani kwao kama mgombea binafsi, akamwangusha Joshua Kutuny aliyekuwa mbunge. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu, mradi usiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Uchaguzi huohuo Elijah Lagat, aliyeshinda Boston mwaka 2000, naye akachaguliwa mbunge wa Chesumei.

Sasa mchukueni Korir yuleyule mumlete Karatu au Monduli. Ibara ya 67 ya Katiba yetu inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama. Angeanzia kutia nia, aingie kura za maoni za ndani ya chama, halafu angoje vikao vya juu. Jina likikatwa, safari imeishia hapo, hata kama kata nzima inamtaka.

Na jambo hili lilishaamuliwa hapahapa Arusha. Mchungaji Christopher Mtikila alipeleka kesi ya mgombea binafsi Mahakama Kuu, akashinda 1994, Bunge likabadilisha Katiba kuuziba ule mlango. Akarudi tena, akashinda tena 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikatengua, ikasema hilo ni la Bunge. Ndipo likafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na tarehe 14 Juni 2013 ikaamua kwamba kumlazimisha raia apitie chama ni kuvunja haki yake ya kushiriki uongozi wa nchi yake. Miezi mitatu tu baada ya Korir kuchaguliwa. Mahakama hiyo iko barabara ya Dodoma, kwenye majengo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Vijana wangu hupita mbele ya geti lile kila Jumamosi kwenye mbio ndefu. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari 2015, na Katiba haijabadilishwa.

Niseme kwa nini linanichoma. Nafundisha vijana kukimbia, huu mwaka wa kumi na moja. Mmoja wao, ambaye jina lake nalihifadhi, hajawahi kushinda mbio kubwa. Lakini kwetu kuna korongo ambalo watoto wa shule walikuwa wanavuka kwa kushikana mikono mvua ikinyesha. Yeye alizunguka kaya kwa kaya jioni, akiwa bado na nguo za mazoezi, mpaka likajengwa kalavati. Watu wakamwambia achukue fomu ya udiwani. Akachukua kwenye chama chake. Kura za maoni hakuongoza, lakini hakuwa mbali, na wananchi wasio wanachama hawakuwa na kura pale. Siku ya pili alikuja mazoezini saa kumi na moja alfajiri kama kawaida. Tulipomaliza akatoa kopi ya fomu yake, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki ili jasho lisiiloweshe. Akaniuliza, "Kocha, hii niifanyie nini?" Sikuwa na jibu.

Sisemi mkimbiaji ni kiongozi bora kuliko mwalimu au mkulima. Nasema wenye haki ya kumkataa ni wale wapiga kura atakaowatumikia. Karibuni.

Mdau, Majengo, Moshi

Kocha, naheshimu uchungu wako, ila sikubaliani nawe. Chama ni chujio. Ukikiondoa, jimbo litachukuliwa na mwenye fedha. Huyo kijana wako hana gari, hana spika, hana mawakala wa kukaa kwenye kila kituo cha kura. Mfanyabiashara atasimama kama binafsi siku moja, na kijana wako ataachwa nyuma kuliko alivyoachwa kwenye kura za maoni.

Pili, mbunge mmoja asiye na chama bungeni anafanya nini? Kamati zinagawanywa, hoja zinaungwa mkono kwa makundi. Na huyo Korir unayemsifu: kachaguliwa mwanzoni mwa Machi 2013, katikati ya Aprili yuko Boston anakimbia. Alimaliza wa tano, sawa, lakini wananchi wa Cherangany walimtuma huko? Mwaka 2017 kiti kikarudi kwa Kutuny yuleyule. Kama alikuwa jibu, mbona hakudumu?

Kocha (mwanzisha mada)

Ndugu yangu wa Majengo, nianze na la mwisho. Kutorudi 2017 ndiyo hoja yangu yenyewe. Wananchi walimpa miaka minne na ushee, wakampima, wakachagua mwingine. Hakukatwa na wajumbe ndani ya ukumbi. Hivyo ndivyo ninavyotaka bingwa wetu ashinde, na hivyo ndivyo ninavyotaka ashindwe.

La Boston nakubali linajadilika. Mbio zile ndizo zilizokuwa riziki yake na jina lake, lakini mbunge ana kiapo. Mimi ningekuwa mpiga kura wake ningemuuliza. Ila kumbuka nani angekuwa na nafasi ya kumuuliza: mimi mpiga kura, si katibu wa chama.

La fedha ni zito. Linanisumbua usiku. Jibu nililonalo ni kwamba fedha hivi sasa haziko nje ya vyama. Kila aliyewahi kukaa karibu na kura za maoni anajua bahasha zinavyotembea. Ni rahisi zaidi kuwanunua wajumbe mia mbili kuliko kununua kata nzima.

Mdau, Karatu

Wanangu, mimi ni mzee, nimesomewa huu mjadala na mjukuu wangu, naye ndiye anayeniandikia. Kocha, umekwenda Kenya kutafuta mfano ambao uko nyumbani.

Uchaguzi wa 1960, kabla ya Uhuru, TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kile kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu, na Karatu wakati huo ilikuwa ndani ya Mbulu. Alikichukua Herman Sarwatt. Alikuwa mwana-TANU, lakini chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Sarwatt akasimama peke yake, watu wakampa. Nchi haikupasuka, na Uhuru ulikuja mwaka uliofuata kama ulivyopangwa. Tulipoingia chama kimoja 1965 mlango ule ukafungwa, na vyama vingi viliporudi 1992 haukufunguliwa.

Ardhi hiyohiyo ndiyo iliyomtoa John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico 1968 goti limefungwa bendeji, giza limeingia na mshindi ameshapewa medali yake. Ndiyo iliyomtoa Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch 1974 kwa kutangulia tangu mwanzo, 3:32.2, wakati wengine wote walikuwa wanangoja mzunguko wa mwisho. Huku mtu akitaka kutangulia peke yake hatumshangai.

Kocha (mwanzisha mada)

Shikamoo mzee. Hili la Sarwatt nililisikia nikiwa mdogo nikadhani ni hadithi ya kijiweni. Ahsante, na mshukuru mjukuu.

Mdau, Sakina

Kocha, kuna kitu hamjakigusa. Mabingwa wetu wengi ni askari. Bayi alikuwa jeshini, Juma Ikangaa aliyeshinda New York 1989 alikuwa jeshini, na Simbu ni wa JWTZ. Jeshi ndilo linalomlisha mkimbiaji, linampa muda wa mazoezi na mshahara wakati hana mbio. Na Katiba inamkataza askari kujiunga na chama chochote. Kwa hiyo bingwa akitaka siasa, aache kazi kwanza, ajiunge na chama ambacho hakimjui, apange foleni nyuma ya waliokaa humo miaka ishirini. Mimi nilitumikia miaka kumi na minane. Ukitoka, huna mtandao wa kisiasa hata wa kitongoji. Hapo naona mgombea binafsi angesaidia kweli, ingawa kazi angelazimika kuiacha vilevile, na ni sawa aiache. Bunduki na jukwaa visikae mkono mmoja.

Mdau, Pasua, Moshi

Kocha, shikamoo. Mimi nilikimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro mara sita, ile inayoanzia Chuo Kikuu cha Ushirika, na kilima cha Mweka nakijua kwa magoti yangu. Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa. Wote mnaowataja ni wanaume.

Mwanamke wa kawaida huku kwetu njia yake ya kuingia bungeni ni viti maalumu, na viti hivyo vinagawiwa kwa vyama kulingana na kura walizopata. Mgombea binafsi hana kiti maalumu cha kumpa mtu. Mkifungua huo mlango wenu, mimi ninayelea watoto wawili na kuuza ndizi sokoni nitaupitaje? Nitasimama jukwaani peke yangu, bila chama cha kunitetea wanapoanza kuniuliza mume wangu yuko wapi?

Kocha (mwanzisha mada)

Marahaba dada. Hapo umenishika, na sitajifanya nina jibu kamili. Nilikuwa nawaza mlango mmoja, wewe umeniambia wengine hata kibarazani hawajafika. Nakubali kwamba mgombea binafsi peke yake hamsaidii mwanamke mwenye hali yako. Lazima kuwe na sheria inayomlinda mgombea asitukanwe kwa ndoa yake, na ukomo wa matumizi unaosimamiwa kwelikweli, la sivyo ndugu wa Majengo atakuwa sahihi kuhusu fedha.

Lakini usiniambie niache. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba ilikuwa na mgombea binafsi ndani yake, na tume ile ilizunguka nchi nzima kuwasikiliza watu, wanawake wakiwemo. Si wazo langu la barabarani.

Kwa Majengo naongeza: wekeni masharti. Wadhamini wenye kadi za kura kutoka kila kata, na usiwe umetoka chamani wiki iliyopita kwa hasira. Mimi nitatia saini masharti magumu kuliko ya Kenya. Mbio ndefu zina muda wa kufuzu, na hakuna mkimbiaji anayelalamika, kwa sababu muda ule unajulikana mapema na ni mmoja kwa wote.

Mdau, Majengo, Moshi

Kwa masharti hayo naweza kukaa mezani na wewe, kocha. Sijasema nimekubali. Hoja yangu ya mbunge mpweke bado hujaijibu.

Kocha (mwanzisha mada)

Kweli sijaijibu. Mbunge mpweke atahangaika, hilo naliona. Ila diwani wa kata moja, kazi yake ni maji, barabara na zahanati, kwake upweke si mzigo mkubwa hivyo. Tuanzie kwa madiwani, tuangalie miaka mitano.

Mdau, Karatu

Kocha, mjukuu anauliza: yule kijana wa korongo yuko wapi sasa?

Kocha (mwanzisha mada)

Yupo mzee, hajaacha mazoezi. Leo alfajiri nilimuuliza kama mlango ukifunguliwa atachukua fomu tena. Alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Akasema kwanza anataka zege la ng'ambo ya kalavati likauke kabla ya mvua za Machi, maana maji yameanza kula ukingo wa upande wa shule.