Huyu wa tiketi wa Arusha mjini kamdhalilisha mama yangu, sinyamazi!

Mtoto_wa_Tengeru:
Wakuu, natetemeka hapa nilipo. Jina simtaji, aliyewahi kukata tiketi Arusha mjini anamjua: suti ya bluu, kiti cha kuzunguka, sauti inayosikika mpaka Usa River.

Mama kakata kwake tiketi ya Nairobi–New York, anaenda kumwona mjukuu. Kauliza, "Mwanangu, angani ni saa ngapi?" Jamaa kachungulia tiketi: kuruka saa tano na nusu usiku, kutua saa kumi na mbili na nusu asubuhi. "Saa saba tu mama, unalala, unaamka Marekani."

SAA SABA! Kilomita karibu 11,800, Afrika uikate, Atlantiki yote uivuke, saa saba! Muda wa kutua ni wa kulekule, na majira haya ya baridi New York iko nyuma yetu saa 8. Safari ni kama saa 15 bila kutua popote.

Kwa ajili ya hizo saa saba mama kaweka dawa za presha kwenye begi kubwa, likaenda tumboni mwa ndege. Kashuka miguu imevimba, viatu haviingii.

Leo nimemfuata kistaarabu kabisa. Ofisi imejaa. Kanijibu: "Kama shule hakwenda, mimi ni mwalimu wake?" Mama yangu! Aliyetusomesha kwa ndizi za sokoni! "Mimi ni mwalimu wake?" Na watu wakacheka, mmoja mpaka kapaliwa na soda.

Siti_ya_Mbele:
Mkuu, saa 15 ndiyo za kuliza mtu mzima? Singapore–New York ni zaidi ya saa 18, watu wanashuka wanatafuta teksi.

Mtoto_wa_Tengeru:
Hoja si saa! "Mimi ni mwalimu wake?" Angeambiwa mama yako ungecheka?

Rubani_Nchi_Kavu:
Mwambie bimkubwa kurudi ni nafuu, kama saa 14. Huko juu upepo mkali unavuma kuelekea mashariki, unaisukuma ndege.

Siti_ya_Mbele:
Na dawa aweke kwenye pochi. Tumemaliza, mods fungeni uzi.

Kijana_Ngaramtoni:
Mnalilia ndege yenye blanketi? Njooni kwenye Noah za Namanga. Kiti cha watatu tunakaa wanne, ndoo ya parachichi juu ya goti langu, dirisha halishuki.

Binti_Sakina:
Usiniambie ni ile nyeupe yenye mlango wa kufunga kwa kamba! Ilinishusha Longido jua la saa saba, eti "gari limechoka".

Mtoto_wa_Tengeru:
Jamani, kamwambia mama yangu hakwenda shule!

Kijana_Ngaramtoni:
Pole mkuu. Binti, nauli walikurudishia?

Binti_Sakina:
Hata mia! Konda kazima simu.