Mrejesho: Miguu kufa ganzi ukitembea, nafuu ukiinama

Wakuu, mrejesho kama nilivyoahidi. Swali lilikuwa: kwa nini mzee afe ganzi miguu akitembea, lakini akisukuma toroli huku ameinama anakwenda vizuri tu?

Jibu: mfereji wa uti wa mgongo kiunoni, njia ya mishipa ya fahamu, umekuwa mwembamba. Diski (mito laini kati ya pingili za mgongo) zimetokeza, viungo vya pingili vimeota mfupa, kano ya nyuma ya mfereji imenenepa. Ukisimama wima kano hiyo hujikunja kwa ndani na kubana mishipa ya fahamu. Ukiinama hunyooka, nafasi inapatikana.

Msichanganye na mishipa ya damu iliyoziba. Mwenye tatizo la damu akiacha tu kutembea, hata akiwa wima, anapata nafuu. Mwenye mfereji mwembamba mpaka akae au ainame. Daktari apapase kwanza mapigo ya damu miguuni. MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) nayo huonyesha ufinyu hata kwa wazee wasioumwa, kwa hiyo picha peke yake si sababu ya kupasuliwa.

Mazoezi: lala chali, vuta magoti kifuani, shikilia sekunde 20 hadi 30, rudia mara 3 hadi 5 kila siku. Baiskeli ya mazoezi inafaa. Kujipinda nyuma kunazidisha. Sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), ikisaidia, ni kwa muda. Upasuaji wa kutanua mfereji husaidia miguu zaidi kuliko kiuno, na hili wagonjwa waambiwe mapema!

Mkojo ukigoma kutoka, ganzi ikishika makalio na sehemu za siri, au unyayo ukishindwa kunyanyuka, ni hospitali siku hiyo hiyo.